Betri ya Lithiamu Imezimika Ziwani: Tafuta Chanzo Kabla Hujanunua Nyingine

Mbalamwezi ikiingia, wavuvi wa dagaa wanapumzika, na ndipo benchi langu hujaa betri. Anayeileta huniambia neno moja tu: imekufa. Nikiipima, mara nyingi naikuta hai. Imejizima. Mtu aliyelala si maiti, na kwa betri ya lithiamu tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mwenye betri atarudi nyumbani na hela yake, au ataingia dukani kununua nyingine itakayojizima vilevile giza lijalo.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Kirumba, Igombe, Kayenze na mialo ya upande wa Sengerema wanaotumia zile mota ndogo za umeme zinazobanwa nyuma ya mtumbwi, za volti 12, zenye msukumo wa pauni 30 hadi 55. Hizi si za kukuvusha hadi Ukerewe. Ni za kuzunguka taa ya dagaa polepole, kukagua nyavu za sato karibu na mawe, au kuvua kwa ndoano ndani ya Ghuba ya Mwanza bila kelele ya injini. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana, na lithiamu inaifaa kuliko betri ya gari. Betri ya asidi ya 100Ah (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme uliomo ndani) ina kilo 30 hivi na ukitaka idumu unatumia nusu yake tu. Ya lithiamu ya kiasi hichohicho ina kilo 11 hadi 14 na unaweza kutumia sehemu nane kwa kumi bila kuiumiza. Lakini ukiichagua vibaya itakusumbua, na lawama itaiangukia betri wakati kosa liko kwingine.

Ninayoizungumzia ni ile iliyoandikwa LiFePO4, ya lithiamu, chuma na fosfati. Ndani ina seli 4 zilizofuatana, kila moja ya volti 3.2, jumla 12.8. Pamoja na seli hizo kuna bodi ya ulinzi ambayo mafundi tunaiita BMS. Chukulia kwamba ni mlinzi wa geti. Seli moja ikishuka karibu na volti 2.5 anafunga. Ikipanda karibu na 3.65 anafunga. Ampea zikizidi kipimo chake, anafunga. Joto likizidi, anafunga. Betri ya asidi haina mlinzi, ndiyo maana huisha kwa kukuonya: taa inafifia, mota inalegea, unajua mwisho umefika. Lithiamu huondoka bila kuaga. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila betri iliyozimika ni hili: mlinzi alifunga geti kwa sababu gani?

Zana unazohitaji ni chache. Mita ya kupimia volti, hata ile ya bei ndogo, inatosha kwa kazi nyingi. Ukiweza, pata na mita ya kubana waya inayosoma ampea za DC. Angalia vizuri kabla ya kulipa, kwa sababu nyingi za bei rahisi husoma ampea za umeme wa nyumbani peke yake, na ukiibana kwenye waya wa betri itakuonyesha sifuri hata mota ikinguruma.

Inazimika ukiweka namba 5

Hii ndiyo dalili ninayoletewa zaidi. Kwenye namba za kasi 1, 2 na 3 mota inakwenda vizuri. Ukiipeleka 5, inavuta sekunde chache, halafu kimya. Ukirudisha sifuri na kusubiri kidogo, inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo geti limefungwa kwa sababu ya ampea. Mota ya msukumo wa pauni 55 ikiwa kwenye kasi ya mwisho huvuta karibu ampea 50. Ya pauni 30 huvuta karibu 30. Sasa geuza betri usome kibandiko chake, lakini usisome zile Ah zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta mstari mdogo unaotaja ampea ambazo betri inaweza kutoa mfululizo. Betri nyingi za 50Ah zina BMS ya ampea 50. Ukiifunga mota ya pauni 55 hapo, umemkabidhi mlinzi mzigo unaomfika shingoni kabla hata upepo haujavuma. Wimbi likikupiga mbele, au mtumbwi ukiwa umeshiba samaki, ampea zinapita mstari.

Kipimo ninachotumia mimi ni kwamba BMS iwe angalau mara moja na nusu ya ampea za juu kabisa za mota. Kwa mota ya ampea 50, BMS isipungue 75, na dukani hilo kwa kawaida lina maana ya kuchukua yenye 100. Ndiyo maana nikiulizwa "betri ya Ah ngapi?" nami nauliza "mota ya ampea ngapi?" Ah zinakuambia utakwenda muda gani. Ampea za BMS zinakuambia kama utakwenda kabisa.

Kuna sababu ya pili, na hii ilinifundisha nianzie majini kabla ya kushika mita. Mzee mmoja alinijia mara tatu kwa mwezi mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Hii betri yako imezima tena. Jana nimepiga kasia kutoka kule kwenye mawe mpaka mwaloni."

BMS yake ilikuwa ya ampea 60, mota ya pauni 45. Haikuingia akilini. Mara ya tatu nikamwomba tuteremke wote hadi chomboni. Nikachomoa waya wa betri, nikainua mota, nikazungusha propela kwa mkono. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Nikafungua pini, nikavuta propela: nyuma yake, kwenye shafti, nyuzi za timba, zile nyavu za nailoni ya uzi mmoja, zilikuwa zimejisokota na kukazana hadi zimekuwa pete ngumu. Nyavu za timba zimepigwa marufuku, lakini vipande vyake bado vinaelea kila mahali, na havioni tofauti kati ya mota ya aliyezitupa na ya mzee asiye na hatia.

Mota inayozuiwa haipunguzi nguvu kama mtu aliyechoka. Huvuta ampea zaidi ili ijaribu kuzunguka. Hivyo uzi wa nyavu, au fungu la magugu maji, linaweza kuigeuza mota ya ampea 40 kuwa ya 70. Na uzi ukikaa muda mrefu unakata sili ya shafti, maji yanaingia ndani ya mota, kaboni zinaoza, na hapo hasara ni kubwa kuliko betri. Kwa hiyo fungua propela na utazame shafti kila wiki, si kila msimu. Ukipita kwenye magugu maji, inua mota upige kasia. Chomoa waya wa betri kwanza kila unapotaka kugusa propela: mota hizi hazina huruma na vidole.

Kama betri hiyohiyo unaitumia pia kuwashia injini ya petroli yenye stata, usishangae ikizimika. Stata inavuta ampea nyingi mno kwa mpigo mmoja. Iachie injini betri yake ya asidi.

Mota inazunguka lakini haina nguvu, na waya unachemka

Hapa betri haijazimika, kwa hiyo mlinzi usimguse. Tatizo liko njiani, kati ya betri na mota.

Nimeona mitumbwi mingi ambayo mwenyewe amenunua betri nzuri ya gharama, halafu akairefushia waya kwa ule wa milimita 2.5 za mraba, wa soketi za nyumbani, kwa sababu ndio uliokuwepo. Piga hesabu. Betri iko mbele ili kusawazisha chombo, mota iko nyuma, mita 3 kutoka hapa hadi pale. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 6 za shaba. Mota ikivuta ampea 50, waya huo unakula volti 2 na kitu. Betri ina 12.8, mota inapata chini ya 11. Volti zilizopotea hazikwenda popote ila kuwa joto: zaidi ya wati 100 ndani ya waya uliofungwa kwa plastiki, karibu na miguu yako na pengine karibu na dumu la petroli. Hilo ni jambo la kuunguza chombo.

Kwa umbali huohuo, waya wa milimita 10 za mraba unapoteza nusu volti. Wa 16 unapoteza theluthi moja ya volti. Mimi nafunga wa 16 kwa mota za pauni 45 na 55, na kwa za pauni 30 nakubali 10. Kwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kuununua. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu. Inapitisha umeme vibaya zaidi, na kwenye unyevu wa ziwani inaoza haraka.

Ili ujue kwa hakika, pima. Weka mota ndani ya maji, kasi ya mwisho, mwenzako akishikilia chombo. Soma volti kwenye vichwa vya betri. Kisha soma pale waya unapoingia kwenye mota. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu volti, waya au maungio yana kasoro. Endelea ungio kwa ungio: weka ncha moja ya mita upande huu wa ungio na nyingine upande wa pili. Ungio zima linasoma karibu sifuri. Linalosoma 0.3 ndilo mwizi wako. Mara nyingi ni yale makoleo ya kubana ya betri ya gari, au nati ya kipepeo iliyolegea kwa mtikisiko. Ondoa makoleo, bana kichwa cha waya cha shaba kwa mashine, funga kwa nati na washa ya springi. Paka grisi kidogo juu. Maji ya ziwa letu si ya chumvi, jambo tunalopaswa kulishukuru, lakini shaba inaota kijani hata hivyo.

Na kama volti kwenye vichwa vya betri yenyewe zinashuka chini ya 12 mota ikivuta, ilhali uliijaza usiku kucha, basi rudisha macho kwenye betri. Lithiamu nzuri ya 100Ah ikivutwa ampea 50 hukaa juu ya 12.5 kwa sehemu kubwa ya safari.

Weka fyuzi au brika ya ampea 60 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Iwe ya DC. Brika ya nyumbani haikutengenezwa kukata umeme wa betri, cheche inaweza kung'ang'ania ndani yake hata baada ya kujizima.

Taa za mota zilionyesha imejaa, ikazimika ghafla

Dalili hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu humkuta mtu usiku.

Juu ya mota nyingi kuna vitaa vinne au vitano vya kuonyesha kiasi cha umeme. Vitaa hivyo vilipangwa kwa ajili ya betri ya asidi, ambayo ikiwa imejaa husoma 12.7 hivi. Sasa tazama lithiamu inavyojiendesha ikiwa imetulia bila mzigo: ikijaa inasoma karibu 13.4. Ikibaki na sehemu saba kwa kumi inasoma 13.2. Ikibaki na tatu kwa kumi inasoma 13.0. Ikibaki na mbili bado iko 12.8 au 12.9. Umeona? Betri imebaki na moja ya tano, na kitaa bado kinaamini imejaa. Ikishuka 12.0 umebaki na karibu moja ya kumi, na kutoka hapo inaporomoka kama mtu aliyeteleza kwenye jabali. Kufumba na kufumbua, geti limefungwa.

Dawa ya kwanza ni kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Kinafungwa kwenye waya wa hasi, na hukuonyesha Ah zilizobaki. Betri zingine siku hizi zina kipimo hicho ndani na unasoma kwa simu kupitia bluetooth. Vyote ni vizuri, ila simu nayo huzimika au hulowa. Mimi napenda kile chenye kioo chake.

Dawa ya pili haihitaji hela. Pima mota yako inavuta ampea ngapi kwenye kila namba, andika kwa rangi ubavuni mwa chombo. Tuseme namba 3 inavuta 25. Betri ya 100Ah ikigawanywa kwa 25 ni saa 4. Toa moja ya tano ya akiba, unabaki na saa 3 na dakika chache. Saa hizo zigawe mafungu matatu: fungu la kwenda na kuvua, fungu la kurudi, fungu la upepo. Fungu la upepo si la kuguswa. Wavuvi wa hapa wanajua kwamba mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Betri ikizimika mchana, unasukumwa mwaloni. Ikizimika saa nane za usiku, unasukumwa kule kusikoonekana taa za mji.

Hapo pana jambo lingine ambalo ningependa kila mvuvi wa dagaa alisikie. Tangu taa za LED zichukue nafasi ya karabai, wengi wanaziunganisha kwenye betri ileile ya mota, kwa kuwa zinakula umeme kidogo. Zinakula kidogo kweli. Lakini mlinzi akifunga geti, anafunga kwa wote. Mota inazimika, na taa zinazimika sekunde hiyohiyo, na wewe uko gizani katikati ya njia ya maboti ya sangara yanayopita kwa kasi na injini za petroli. Taa iwe na betri yake ndogo, hata ya 7Ah, isiyoguswa na mota. Na kasia lisiachwe nyumbani eti kwa sababu kuna mota.

Mita inasoma sifuri na chaja haiioni betri

Umeme uliisha kabisa, mlinzi akafunga, na sasa mita inaonyesha 0 au volti 2, 3 hivi. Unachomeka chaja, inawaka taa nyekundu au haifanyi chochote. Hapa ndipo watu wengi hutupa betri nzima.

Chaja za kisasa hutafuta volti za betri kwanza ndipo zianze kazi. Geti likiwa limefungwa hazioni kitu, zinadhani hakuna betri. Inabidi uiamshe. Ondoa mota, taa na kila kitu kilichofungwa. Iache nusu saa, wakati mwingine hujifungua yenyewe. Ikikataa, chukua betri nyingine nzima ya volti 12. Unganisha hasi kwa hasi. Kwa upande wa chanya, usiunganishe waya mtupu: pitisha umeme kupitia balbu ya taa kubwa ya gari, ya wati 55, ili ampea zisiingie kwa fujo. Subiri dakika moja au mbili huku ukipima kwenye vichwa vya lithiamu. Zikipanda kufika 10 au zaidi, unganisha chaja ya lithiamu hapohapo, kisha ondoa betri ya msaada.

Ikiamka, ijaze siku hiyohiyo. Betri iliyozimika kwa kuisha, ikaachwa stoo wiki nne, inaendelea kushuka kidogo kidogo kwa sababu BMS yenyewe inakula umeme. Seli ikikaa chini ya volti 2 kwa muda mrefu inaharibika kweli, na hiyo sitamshauri mtu aifufue kwa ujanja.

Inakataa kuchaji, au inaacha katikati

Uliza kwanza: unachajia wapi? Kama jibu ni "kwa fundi wa betri za gari", simama hapo. Mafundi wetu wana mashine kubwa wanazopangia betri tano, sita kwa mfuatano, na kuziacha zichemke hadi asubuhi. Betri ya asidi inavumilia. Lithiamu ikipangwa katika foleni hiyo, BMS yake ikifunga inakabiliwa na volti za foleni nzima, na hapo bodi inaungua. Betri ya lithiamu inataka chaja yake, inayopanda hadi 14.4 au 14.6 na kusimama hapo. Chaja ya asidi yenye hatua ya kusafisha bamba, inayopanda kupita 15, mlinzi ataikatalia kila siku. Wala usikubali mtu afungue kasha atafute pa kutia maji ya betri. Hayamo.

Uliza pili: unachaji saa ngapi? Seli hizi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na BMS nzuri inakataa kabisa. Kasha jeusi lililoachwa ndani ya mtumbwi uliovutwa mchangani Kayenze, saa saba mchana, linapita hapo bila shida. Kama betri yako inakataa mchana na kukubali jioni, haina ugonjwa. Ipeleke kivulini, ifunike kwa gunia lisiloigusa, iache ipoe.

Kwenye sola, tazama kidhibiti kimewekwa kwa aina gani ya betri. Kikiwa kwenye asidi, kuna siku kitajaribu kupandisha volti ili kusawazisha, mlinzi atafunga, na katika vidhibiti vya bei rahisi volti za paneli zitapita moja kwa moja kwenda kwenye taa. Paneli ya volti 12 jua likiwa kali inaweza kutoa 18 hadi 20. Taa za LED zilizoungua zote mchana mmoja mara nyingi zimekufa hivyo. Kama kidhibiti hakina chaguo la lithiamu wala hakikuruhusu kuzima usawazishaji, kibadilishe.

Namba 1 hadi 4 zimekufa, 5 inafanya kazi

Betri haihusiki. Mota za namba tano za kawaida hupunguza kasi kwa koili ndani ya kichwa au mkiani, na koili hiyo imeungua au swichi imeoza. Fundi mota yeyote anaibadilisha.

Muda unapungua mwezi hadi mwezi

Zamani ulikuwa unapata saa tatu, sasa mbili, na betri haina hata mwaka. Mara nyingi seli zimepishana. Moja inajaa mapema, mlinzi anaacha kuchaji ili kuilinda, tatu zilizobaki hazijashiba. Nyingine inaisha mapema, mlinzi anafunga ilhali wenzake bado wana akiba. Iache kwenye chaja ya lithiamu kwa saa kadhaa baada ya kujaa, usiku tatu au nne mfululizo. Bodi nyingi husawazisha seli zikiwa karibu kujaa, na wanaochomoa haraka kila siku wanainyima nafasi hiyo.

Kama umeiunganisha sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) na betri ya asidi ili "kuongeza nguvu", tenganisha leo. Lithiamu ikitulia inasoma 13.3, asidi 12.7. Mchana kutwa kubwa linamlisha dogo, na dogo hashibi. Lithiamu mbili sambamba ni sawa kama ni za aina moja, umri mmoja, na zote zimejazwa kabla ya kuunganishwa.

Msimu wa mapumziko usiiweke ikiwa imejaa kabisa wala tupu. Nusu inatosha, waya zote zimechomolewa, mahali pakavu.

Imevimba, inanuka, au kasha lina moto bila kazi

Itoe chomboni na nyumbani, iweke nje mbali na nyasi na mafuta. Usiichaji, usiitoboe. Hakuna utatuzi hapo.

Ukiwa dukani

Nauliza aina ya seli kabla ya bei. Kuna betri za lithiamu za aina nyingine, zenye seli za volti 3.6 au 3.7, ambazo nyingi hutoka kwenye vyombo vya umeme vya barabarani. Nne zikifuatana zikijaa zinafika 16.8, nyingi mno kwa mota ya volti 12 yenye saketi ndani. Na zikiharibika hushika moto kwa urahisi zaidi kuliko LiFePO4. Kwenye mtumbwi wa mbao katikati ya maji sitaki hatari hiyo, hata kama bei ni nusu.

Kisha naomba mizani. Maduka ya mwaloni hayakosi mizani. Seli moja nzuri ya 100Ah ina karibu kilo 2, nne ni 8, ongeza kasha, bodi na waya. Betri inayojiita 100Ah na ina kilo 5 inasema uongo.

Ukubwa wa mota nao uendane na chombo. Kadirio la wengi ni pauni 2 za msukumo kwa kila kilo 45 za uzito wote: mbao, watu, nyavu, barafu na samaki. Mtumbwi wenye jumla ya kilo 1,000 unahitaji pauni 44 au 45 kwa maji matulivu, kwa hiyo mimi nachukua 55, kisha natembea namba 3. Mota ndogo inayokimbizwa namba 5 kutwa inachosha betri bila kukufikisha mapema.

Mwisho, ijaribu nchi kavu kabla hujaiamini ziwani. Ijaze kabisa kwa chaja yake. Chukua balbu mbili za taa kubwa za gari, kila moja wati 55, zifunge sambamba, si kwa kufuatana. Zitavuta ampea 9 hadi 10. Ziwashe saa moja asubuhi, andika saa, ziweke mbali na kitu chochote kinachoshika moto kwa kuwa zinachemka. Betri ya kweli ya 100Ah inapaswa kuziwasha hadi saa kumi na moja jioni au kupita hapo kidogo. Ikizimika saa sita mchana, ina nusu ya kilichoandikwa. Irudishe siku hiyohiyo, na risiti mkononi.